Ukoo wa Mchomeaji wa Angani

Baba yangu alikuwa na nyumba ya video katika mtaa wa Iftin, mjini kwetu, chumba kirefu cha mabati kilichokaangwa na jua tangu asubuhi. Watu waliingia baada ya sala ya alasiri, wakati mabati yalikuwa bado yakilia kwa joto, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole vyake. Mbele kulikuwa na televisheni moja juu ya meza na deki ya kanda chini yake. Nyuma ya ukuta jenereta ilinguruma na kutapika moshi. Wanaume walikaa kulia, juu ya mabenchi. Wanawake tulikaa kushoto, juu ya mikeka, na katikati palipita pazia la shuka zilizoshonwa pamoja, ili kila upande uone picha bila kuona upande wa pili. Mimi nilikuwa binti wa mwenye nyumba na ndimi niliyebeba chai, kwa hivyo nilikaa pale pazia lilipoishia, nikiziona pande zote mbili.

Filamu za Kihindi zilijaza chumba. Za karate zilikijaza zaidi. Lakini zile za meli ya angani zilijaza mpaka mlangoni, na waliokosa nafasi walisimama juani wakisikiliza. Zilikuwa mfululizo mrefu, kanda baada ya kanda, na zilitufikia mojamoja kutoka Islii, jiji kuu, ndani ya mabasi, zimefungwa katika nguo za akina mama. Wazungu walikuwa wametumia miaka mingi kuzitengeneza; sisi tulizitazama katika miaka michache. Basi watu wa meli ile walizeeka mbele ya macho yetu kwa kasi ya kutisha. Nahodha alikuwa kijana mwembamba kabla ya mvua, na vumbi liliporudi alikuwa na kitambi na nywele zimemkimbia.

"Ameoa mke wa pili," mwanamke mmoja alisema nyuma ya pazia. "Tazama tumbo lile. Analishwa nyumba mbili."

Hakuna aliyehitaji kufundishwa kuzipenda. Watu wanatembea mahali pakubwa pasipo na mti. Wanatafuta maji. Wakiona moto wa wageni kwa mbali wanasimama kwanza, wanauliza hao ni kina nani na wanatoka upande gani, ndipo wasogee. Mzee mmoja aliyekuwa ameletwa mjini kutoka Buna kutibiwa macho alikaa nusu saa akitazama kwa jicho lake moja zima, kisha akatoa uamuzi: "Hawa wamepoteza ngamia."

Kiingereza cha filamu kilikuwa kama mvua ya mahali pengine. Kwa hivyo kulikuwa na mfasiri. Alisimama kando ya televisheni na fimbo nyembamba, akiwagusa watu wa kiooni mmoja mmoja na kusema maneno yao kwa Kisomali, na mara mojamoja kwa Kiswahili, kwa ajili ya walimu na askari kutoka bara waliokaa benchi la nyuma. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kiingereza alikiokota katika kambi ya wajenzi wa barabara, alikochomelea vyuma vya matrekta, na mikono yake ilikuwa na madoa madogo ya moto kuanzia kiganjani hadi kiwikoni.

Alikuwa mtu wa ufuaji. Lazima niseme hili waziwazi kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kati yetu kuna watu ambao babu zao walifua visu, shoka na ncha za mikuki, na kwa sababu hiyo, ambayo hakuna aliyewahi kunieleza hadi mwisho, wengine hawawaozi wala hawaoi kwao. Tulichinja kwa visu vyao. Siku ya sikukuu tuliwatumia nyama, na hatukuingia kwao kuila. Katika nyumba ya video kikombe cha mfasiri kilikuwa cha bati na kilining'inia peke yake msumarini. Vya wengine vilikuwa glasi, katika sinia. Nilijua kikombe hicho kabla sijajua kusoma. Mama yake alikuja kila filamu ya angani, akakaa upande wetu karibu na ukuta, na mikeka yote ilijaa kabla ule ulio jirani naye haujapata mtu.

Lakini alipokuwa na fimbo ile mkononi, mji mzima ulimsikiliza. Madalali wa mifugo, masharifu, makarani, watu ambao barabarani walipita bila kuitikia salamu yake, walikaa kimya wakimkodolea macho mdomoni. Sidhani alikuwa na kitu kingine chochote duniani. Na alikuwa hodari. Umaarufu wake ulitokana na jambo moja alilolibuni siku ya kanda ya kwanza kabisa, watu walipopotea katika hadithi na kuanza kupiga kelele.

"Waryaa, we kijana, simama! Huyu wa kiooni anayepiga kelele ni nani?" mtu mmoja benchini alimwuliza mfasiri.

"Ni tabibu wa meli."

"Kazi yake sikuuliza. Ni mtu wa nani?"

Mfasiri alimtazama tabibu kiooni. Kisha akagusa kioo kwa fimbo na kumpa tabibu ukoo. Akampa baba, babu, na baba wa babu. Akamgusa nahodha, akampa ukoo mwingine, mkubwa, wenye visima vingi. Mwanamke wa usukani akampa wa tatu. Sitaji hapa koo hizo; wenyewe wako hai na hasira zao ziko hai. Lakini chumba kilitulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Tangu hapo kila kitu kilieleweka. Nahodha alipomkaripia tabibu, watu walitikisa vichwa: ugomvi wa kisima, wa zamani. Mwanamke wa usukani alipokataa amri, wanawake wa ukoo wake walipiga vigelegele, na wa koo nyingine wakasema hivyo ndivyo walivyo, hawaolewi hao. Mabenchi yalijipanga yenyewe. Kila ukoo ulikuwa na mtu wake mbinguni.

Mmoja tu hakuwa na ukoo, na ndiye aliyependwa kuliko wote.

Alikuwa mchomeaji wa meli. Kila filamu meli ilipasuka mahali fulani, na kila ilipopasuka alifungwa kamba kiunoni akatoka nje, katika giza lenye nyota, akashona vidonda vya chuma kwa moto. Hakuwa na maneno mengi. Cheche zilimzunguka kichwa kama inzi wa dhahabu. Wenzake walikaa ndani wakibishana. Yeye alining'inia nje akiwaokoa. Mfasiri alipofika kwake sauti ilishuka, na fimbo aliisahau mkononi. Alieleza jinsi chuma kinavyobadilika rangi kabla ya kuyeyuka, jambo ambalo halikusemwa na mtu yeyote katika filamu.

Kila ukoo ulimtaka. Walimngoja mfasiri sokoni, wakamkonyeza, wakamwita walaal, ndugu. Aliyemtaka zaidi ni dalali mmoja wa ngamia aliyekaa benchi la mbele, mswaki mdomoni, mtu mzito wa ukoo uleule wa nahodha. Nahodha alikuwa wake tayari. Haikumtosha.

"Haye, mtoto wa nyundo," alisema kila filamu, "huyu wa kamba ni wetu, sivyo?"

"Bado sijajua, adeer. Filamu haijasema."

"Filamu ilisema tabibu ni wa akina fulani?"

Watu walicheka. Mfasiri naye alicheka, na akaendelea.

Siku iliyomharibikia ilikuwa Alhamisi, na kanda ilikuwa nzuri kupita zote. Meli ilikuwa inaanguka kuelekea jua. Mchomeaji alikuwa nje, glavu zimeungua, anashona bamba la mwisho kwa mikono mitupu, na ndani nahodha alikuwa akilia. Wanaume watu wazima walikuwa wamesimama. Bamba likashika. Meli ikageuka. Chumba kililipuka kwa takbiri, na mfasiri alikuwa na machozi hadi kidevuni.

"Sasa sema!" dalali alipaza sauti. "Leo utasema. Mtu asiye na ukoo ni mtoto wa haramu. Huyu aliyewaokoa wote ni mtu wa nani?"

"Sema! Sema!" mabenchi yakaitikia.

Mfasiri alijipangusa kidevu kwa mkono wa fimbo. Nadhani ile furaha ya chumba ilimlevya; nadhani aliamini, kwa muda mfupi, kwamba ilikuwa yake pia.

"Ni wetu," alisema.

"Wenu kina nani?"

"Sisi. Watu wa ufuaji. Kwani nani mwingine angejua kuchomelea?"

Kilianza kicheko, na kilikuwa kicheko cha kweli, cha watu waliodhani wametaniwa. Kisha wakamtazama usoni wakaona hakutania. Kiatu cha kwanza kilimpiga begani. Cha pili kiligonga televisheni, na hicho ndicho kilichomwinua baba yangu.

"Mimi nimeokolewa na mfua visu?" dalali aliuliza, akigeuka kuwatazama wenzake mmoja mmoja. "Nahodha wetu alikuwa anamlilia huyo? Huyo?"

"Mwambieni nahodha amwoze binti yake!" sauti ya kijana ilitoka nyuma, na watu wakaangua kicheko tena, cha namna nyingine.

Upande wetu hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja alimgeukia mama wa mfasiri na kumwambia kwa upole mkubwa, kama anayempa pole ya msiba: "Hooyo, mfundishe mwanao. Watamuumiza bure." Mama yule alivuta ncha ya mtandio wake juu ya mdomo na kukaa vilevile.

Jioni ile baba alimwita uani kwetu. Dalali alikuwa amekwisha kupita na kuacha ujumbe: ama kosa lirekebishwe, ama benchi la mbele na yote yaliyo nyuma yake yahamie nyumba ya video ya upande wa mtoni. Pia alikuwa amemleta mpwa wake, mwanafunzi wa sekondari, aliyejua Kiingereza cha vitabu.

"Filamu ijayo," baba alisema, "utaanza kwa kusema ulikosea. Utasema mchomeaji ni ndugu wa nahodha, baba mmoja, mama mmoja. Ukikataa, fimbo anaishika yule mwanafunzi."

"Anasoma maneno tu yule. Hajui kusimulia."

"Atajifunza. Wewe ulijifunza."

Mfasiri aliitazama mikono yake. "Nitasema," alijibu.

Kanda mpya ilikuja na basi la wiki iliyofuata. Kwa desturi baba na mfasiri waliitazama asubuhi, chumba kikiwa kitupu, ili mfasiri ayajue maneno kabla ya watu. Asubuhi ile jenereta ilikohoa katikati, baba akatoka kwenda kugombana na aliyemuuzia dizeli, na alipoondoka tulibaki wawili, mimi na mfasiri. Niliosha glasi. Yeye alisimama karibu na kioo, uso wake umepakwa buluu ya picha.

Meli ilikuwa ikifukuzwa na adui. Mchomeaji alikuwa nje, kwenye kamba yake. Meli isingeweza kukimbia huku mlango wa kamba umefunguliwa, na kumvuta ndani kungechukua muda. Tabibu alimsihi nahodha. Nahodha, mzee sasa, mnene, alichukua shoka dogo ukutani na kukata kamba kwa mkono wake mwenyewe. Mchomeaji aliondoka polepole akizunguka, tochi yake bado inawaka, hadi akawa kama nyota nyingine yoyote.

Mfasiri alirudisha kanda nyuma, akalitazama tena lile shoka. Kisha akazima deki na kusema, si kwangu hasa: "Ndugu. Baba mmoja, mama mmoja." Na akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwake.

Alasiri ile ukuta wa mabati ulisukumwa hadi ukapinda. Watu wa koo zote walikuja kusikia, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya filamu. Mfasiri alisimama mahali pake, akasema salamu, akasema alikosea na anaomba radhi, kisha akamgusa mchomeaji na kuanza kumtajia baba zake, wale wale wa nahodha, jina kwa jina, kwa sauti tamu iliyowapandisha wazee mabega. Ukoo wa nahodha ulipiga makofi. Dalali alinyoosha kidole.

"Mpe chai. Ya maziwa ya ngamia. Na iwe ya glasi, leo amesema kama mtu."

Nilimpa. Aliipokea kwa mikono yote miwili, akanywa kidogo, akaiweka juu ya meza karibu na televisheni ambapo kila mtu angeweza kuiona.

Kisha sehemu ile ikafika. Adui, mlango, tabibu anayesihi. Mfasiri hakuharakisha. Alisema maneno ya tabibu: "Ni mtu wetu yule!" Alisema maneno ya nahodha: "Meli kwanza." Shoka likashuka.

Nilisikia mbuzi akilia nje.

Kisha benchi la ukoo wa tabibu likaamka.

"Waryaa! Mmemkata ndugu yenu!"

"Baba mmoja, mama mmoja! Tumesikia sote!"

"Na dia je? Ngamia wa damu mtawatoa boma lipi, muwapeleke boma lipi? Si watazunguka tu, watoke mlango huu waingie mlango huu?"

"Watanenepa njiani!"

Watu walijipiga mapaja. Nyuma ya pazia wanawake walipiga vigelegele vya dharau, virefu. Mzee mmoja wa ukoo wa nahodha alifunika uso kwa kilemba chake, kabisa kama aliyepata msiba. Dalali alisimama, mswaki ukaanguka mdomoni.

"Ulijua," alimwambia mfasiri.

"Mimi nafasiri tu, adeer. Nyinyi mlisema ni wenu."

Baba aliruka na kusimamisha kanda. Picha ilibaki pale ikitetemeka, mchomeaji na kipande cha kamba kiunoni, mstari mweupe ukimpita kifuani juu na chini. Kelele zilikuwa kubwa. Mahali fulani nyuma benchi lilikuwa limevunjika na mtu ameshika mguu wake. Askari wa bara walikuwa wakiuliza kwa Kiswahili kuna nini, na hakuna aliyewajibu. Baba alimwendea mfasiri na kuchukua fimbo mkononi mwake. Hakuivuta kwa nguvu. Aliichukua tu, kama mtu anayechukua kitu chake, na kwa mkono mwingine akamwita yule mwanafunzi aje mbele.

"Ngoja," dalali alisema. Alikuwa na akili. Utajiri wake haukutokana na bahati. "Usimpe bado. Mwache huyu aseme ukweli. Wiki ile alisema ukweli tukampiga viatu. Tulikosea sisi." Akamgeukia mfasiri, na sauti yake ikawa laini. "Yule wa kamba ni mtu wa nani, mwanangu?"

Mfasiri aliigeukia ile picha iliyokuwa ikitetemeka.

"Ulisema ni wenu. Ulituuliza nani mwingine angejua kuchomelea. Una haki. Mchukueni. Sema, na fimbo ni yako."

Ndipo watu wote walipoelewa, na kelele ikafa. Ukoo wa tabibu nao ulingoja. Walikuwa wamefurahi vya kutosha, na mtu wa ufuaji aliyekufa hakuwa ugomvi wa yeyote. Mwanafunzi alikuwa amefika mbele na kunyoosha mkono. Mfasiri aliitazama fimbo katika mkono wa baba yangu.

"Ni wetu," alisema.

"Kwa sauti. Wanawake wasikie."

"Ni wetu. Ni mtu wa ufuaji."

"Taja baba zake."

"Adeer..."

"Mtu hazikwi bila baba zake. Taja."

Akataja. Alianza na jina la baba yake mwenyewe, aliyefia katika ile kambi ya wajenzi wa barabara, kisha babu yake, kisha mwingine na mwingine. Sisi sote tulikuwa tumelelewa tukiambiwa watu wale hawana nasaba, kwamba wakihesabu wanaishiwa kabla ya vidole vya mkono mmoja. Alipita mkono mmoja. Alipita miwili. Aliendelea, macho yake sakafuni, na majina yalikuwa mazuri, ya kale, na hakuna aliyemkatiza kwa sababu kila jina lilikuwa likiwasogeza mbali na yule maiti. Upande wetu mama yake alikuwa akiyatamka pamoja naye, midomo tu, bila sauti. Alipofika mwisho, dalali alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Basi," alisema, akirudi kukaa. "Nilishangaa mimi. Nahodha wetu hawezi kumkata mtu."

Yule mzee alijifunua uso. Mabenchi yalisogezwa. Baba alimrudishia mfasiri fimbo, kisha akanionyesha kwa kidevu ile glasi juu ya meza. Niliitoa, na chai ilikuwa bado nusu.

"Haya, washa," mtu alisema. "Nini kinafuata?"

Kilichofuata ni karamu. Meli ilikuwa imeponyoka, na watu wake walikuwa mezani wakila, taa nyingi, nguo safi. Nahodha aliinua kikombe na kutoa mzaha mrefu kuhusu tabibu na mke wa tabibu. Mfasiri alimgusa kwa fimbo na kuusimulia. Aliiga sauti ya nahodha ya uzee, aliiga hasira ya tabibu, alisimama pale panapotakiwa kusimama na akaliachia neno la mwisho kwa wakati wake hasa. Dalali alicheka hadi akakohoa, na wanawake wakamwomba aurudie.

Akaurudia.